Gereji nilikoiacha Boxer yangu Windhoek: kutunza wanajua, ufundi ndo kizungumkuti

Wakuu, hii ni kwa wale wenye ndoto za kutoka Dar na pikipiki mpaka Cape Town ila likizo ya kazini haitoshi kumaliza safari yote kwa mkupuo mmoja. Mi niliigawa vipande. Cha kwanza Dar mpaka Windhoek kupitia Tunduma, Zambia yote ile, halafu ule ukanda mwembamba wa Namibia kuanzia Katima Mulilo, nikaiacha pikipiki nikarudi na ndege kusaka hela ya kipande cha pili. Sasa nimerudi kuendelea, na kila nikimwambia mtu swali la kwanza ni hilohilo, ulimwachia nani pikipiki ugenini na ukapata usingizi? Niliwaachia hawa. Jina la gereji silitaji maana mengine nitakayosema sio mazuri, na pikipiki bado iko ndani kwao mpaka kesho kutwa 😂

Iko upande wa viwandani kaskazini mwa mji, geti la chuma, mbwa wawili, mwenyewe mzee wa Kizungu wa hukohuko Namibia na fundi kijana Mwovambo ambaye ndo anafanya kazi zote. Bei ya kutunza kwa mwezi haifiki hata bei ya kulala usiku mmoja gesti ya kawaida hapa mjini, kwa hiyo kwa hilo hamna malalamiko kabisa.

Na kutunza wanajua aisee. Nilitegemea kuikuta imelala ubavu kwenye kona na vumbi la kutosha. Nimeikuta imesimama kwenye stendi ya kati, chini ya injini wameweka kipande cha mbao ili tairi la mbele nalo lisiguse sakafu, imefunikwa shuka la kitambaa sio turubai la plastiki, manake plastiki inafungia unyevu ndani na kutu inaanzia hapo. Tundu la ekzosi limezibwa kitambaa nyigu wasijenge. Petroli walitoa yote, tenki na kabureta, na hapa wengi wanapuuza, petroli ikikaa miezi ndani ya kabureta inageuka kama gundi inaziba jeti ndogo, vile vitundu vya kupitishia mafuta, halafu unakuja kupiga kiki mpaka mguu unavimba na pikipiki haitaki.

Ila kilichonimaliza ni betri. Waliifungua wakaiweka shelfu ya peke yake na kikaratasi kimefungwa kwa uzi kwenye terminali, kila walipoichaji wameandika tarehe na volti kwa peni ya bluu, 12.6, 12.7, 12.6, mstari kwa mstari, mmoja una doa la grisi la kidole. Betri ya asidi ukiiacha ishuke ikae hivyo hivyo muda mrefu haifufuki tena, inakufa kimoja. Ya kwangu imeshika kama nilivyoiacha. Kile kikaratasi nimekiomba nikapewa.

Kingine cha kuwasifia ni makaratasi. Wanaosafiri na chombo wanajua kile kitabu cha forodha cha kuingiza chombo nchi za watu kwa muda bila kulipa ushuru, karneti, kinaisha muda baada ya mwaka mmoja, na mwaka unahesabika hata kama pikipiki imelala. Namibia, Botswana, Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini ni umoja mmoja wa forodha, mi niligongewa mhuri wa kuingia Katima Mulilo, kwa hiyo muda usiishe pikipiki bado iko humu ndani maana hapo unatafutana na watu wa ushuru. Mzee aliipiga picha karneti yangu siku naondoka, na miezi kabla haijaisha akanitumia meseji WhatsApp, kijana tarehe yako hiyo inakaribia, unakuja au unaongeza muda? Yaani nani anafanya hivyo siku hizi. Mwenyewe nilikuwa nina tarehe ukutani lakini ile meseji ilinipa amani kuwa pikipiki ina mtu anayeikumbuka.

Sasa tuje kwenye ufundi. Hapa ndo nyota zinapukutika.

Niliwaambia kabla sijaja wanifungie tairi jipya la nyuma na cheni waiangalie. Kuiwasha nilikataa wasiwashe mpaka nifike, maana fundi wangu wa Tabata alinipigia akaniambia "kaka, usikubali mtu aiwashe hivi hivi, toa plagi kwanza, tia oili matone machache kwenye silinda, piga kiki taratibu mara kadhaa ndo urudishe plagi." Tumefanya hivyo, oili ya injini nikabadilisha, 20W-50 ipo kila mahali hapa, na Boxer ikawaka bila ubishi wowote.

Tairi sasa. Boxer nyuma inavaa 3.00-17, na hapa Windhoek Boxer hazijajaa kila kona kama kwetu, pikipiki nyingi gerejini kwao ni mabehemoti ya watalii, ma-GS na ma-Africa Twin. Wakanitafutia tairi, wakalifunga, linang'aa kabisa. Nikachuchumaa nikasoma ubavuni. Kila tairi lina maandishi ya DOT na mwisho kuna namba nne, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Langu linasoma 1419. Wiki ya 14 ya mwaka 2019! Tairi "jipya" limezeekea stoo, mpira umeanza kuwa mgumu, na bei wamenipiga ya jipya la jana. Nikamwita mzee nikamwonyesha kwa kidole, hakubisha, akasema atalirudisha alikolinunua, ila akanichaji masaa ya fundi ya kulifunga na ya kulifungua. Hapo nilikunja sura. Huku kazi inahesabiwa kwa saa na bei imebandikwa ukutani, ile yetu ya "fundi nipunguzie bwana" haipo. Tairi lenyewe nililipata kesho yake kwa jamaa mmoja anayewauzia vijana wa delivari, la mwaka huu, bei nafuu, nikalifunga mwenyewe palepale uani gerejini.

Cheni nayo kijana aliikaza kama waya wa gitaa. Unaiinua kwa kidole haiendi. Labda kazoea pikipiki nyingine, lakini cheni lazima iwe na mchezo, ukikaa na mizigo nyuma shokapu zinashuka na cheni inazidi kukazika, inakula sproketi na beringi, na mimi nina kilomita karibu 1,500 mpaka Cape Town. Nimeilegeza mwenyewe. Cheni ya akiba na kebo ya klachi nilibeba kutoka Kariakoo, na ningeshauri kila mwenye pikipiki ndogo afanye hivyo badala ya kutegemea kuagiziwa kutoka Afrika Kusini.

Kwa hiyo gereji hii ukitaka mahali pa kulaza pikipiki, nenda macho yamefungwa. Ukitaka matengenezo, wasimamie au fanya mwenyewe, uwanja wanakupa na tuls wanakuazima bure.

Wakati pikipiki inasubiri tairi nilikuwa nashinda Katutura, soko la Single Quarters, wanachoma nyama mbele yako inaitwa kapana, unachovya kwenye pilipili ya unga na chumvi unakula umesimama. Gereji haihusiki hapo lakini ukija usikose.

Nimejaza tenki lita 11, Boxer inakwenda nazo mbali kuliko umbali wowote kati ya sheli na sheli kwenye barabara ya B1, Rehoboth, Mariental, Keetmanshoop, Grünau mpaka mpakani Noordoewer. Wasiwasi wangu ni malori na upepo, magari huku yanaruhusiwa 120 na mi natembea 70. Bima, ile kadi ya njano ya COMESA iliyonivusha Zambia haifanyi kazi huku, Namibia na Afrika Kusini bima ya kuumia watu inakatwa ndani ya bei ya mafuta, gari la mtu ukiligonga hiyo bima hailipi, utajijua. Na dola za Namibia zimalizie upande huu, randi inapokelewa huku ila dola yao ukivuka nayo kule dukani wanaikataa.

Mkitaka kuwatumia hawa niulizeni pembeni nitawapa namba. Wapigieni wiki moja kabla hamjafika ili betri irudishwe kwenye pikipiki, Jumapili hawafungui, na kadi hawapokei, ni keshi tu.