Nyota za mnada wa mtandaoni msiziamini hivihivi (uzoefu wangu wa mwaka mzima)

Hii programu ya mnada nimeitumia mwaka mmoja na miezi kadhaa sasa, nimenunua na nimeuza, jina lake silitaji maana sina nia ya kumharibia mtu biashara, na hata huyo muuzaji ntakayemsema hapa simtaji, ila kama na wewe unanunua vitu kwa kupanda dau kwenye simu basi soma mpaka mwisho kabla hujatuma hela ya mtu.

Mie ni fundi cherehani, banda langu liko Nkuhungu hapa Dodoma, nashona sare za shule na magauni ya vitenge. Vifaa vingi vya kazi yangu vinatoka Dar, kwa hiyo nilipoambiwa kuna sehemu mtu anapanda dau la kichwa cha ovaloki (ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisichanike nyuzi) huku amekaa kwenye kigoda chake, nilikuwa wa kwanza kupakua.

Mazuri niyaseme fasta. Nimepata pasi ya mvuke kwa 35,000, nimepata mkasi mzito wa fundi na katoni ya nyuzi kwa bei ambayo dukani usingeisikia. Mnada unafungwa saa ileile iliyoandikwa (jiandae tu, kuna watu wanavizia sekunde za mwisho wanakupita kwa buku mbili), hela yako inashikiliwa mpaka saa 48 baada ya mzigo kufika, na mzigo wenyewe unaletwa na basi, unaufuata stendi Nzuguni. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu uko kwenye nyota.

Iko hivi, biashara ikiisha mnunuzi anampa muuzaji nyota na maneno mawili matatu, muuzaji naye anampa mnunuzi. Nyota 4 na 5 zinahesabika nzuri, 1 na 2 mbaya, tatu haiongezi wala haipunguzi. Chini ya jina lako inakaa asilimia, na hiyo asilimia ndo sura yako mule ndani, maana hakuna anayekujua kwa kingine.

Desemba, msimu wa sare unakaribia, nikapanda dau la ovaloki ya nyuzi 4 iliyotumika, maelezo yanasema "iko safi haina tatizo". Mnada ukafungwa saa 3 kamili usiku nimeshinda kwa 310,000. Saa 3 na dakika 6 nilikuwa nimeshalipa, meseji ya muamala ninayo mpaka leo. Naomba hizo dakika sita mzikumbuke.

Mzigo ukafika na kikaratasi ndani: "Dada angu ukinipa nyota 5 na mie nakupa 5." Wakati ule nikacheka nikaona mchangamfu. Sasa nikae nifikirie vizuri, mnunuzi kazi yake ni nini? Kulipa. Nikishalipa kwa wakati mie wajibu wangu kwake umeisha, alitakiwa anipe nyota zangu usiku uleule. Yeye anasubiri nini? Anasubiri aone ntasema nini juu yake. Yaani nyota zangu kazishika kama dhamana, kama vile mtu anavyoshikilia kitambulisho chako mpaka urudishe chupa za soda.

Basi siku mzigo unafika tukapata msiba Kondoa, nikakaa huko siku tatu, narudi zile saa 48 zimepita na hela imeshaachiwa. Kufunga mashine, inazunguka vizuri kabisa ila inaruka nyuzi. Nikaipeleka kwa fundi wa mashine pale Majengo, akafungua akaniita nije nione mwenyewe, gia ya ndani ilivunjika ikachomelewa, tena imechomelewa vibaya, matengenezo 85,000. Nampigia muuzaji anasema "dada angu vitu vya mnada ndo vilivyo". Mara ya pili hakupokea. Ya tatu simu ikawa haipatikani.

Nikampa nyota 2. Sikumtukana, niliandika: mzigo umefika haraka, ila gia imevunjika na kuchomelewa na hakusema, matengenezo elfu themanini na tano. Basi. Hazikupita dakika arobaini simu inalia, nimepewa nyota 1: "Mnunuzi msumbufu, malipo yanachelewa, kuweni makini naye."

Malipo yanachelewa! Dakika sita jamani!

Sasa tupige hesabu maana hapa ndo pana uonevu wenyewe. Yeye alikuwa na maoni 411, mazuri 408, hiyo ni 99.3. Langu likamshusha mpaka 99.0, hakuna atakayegundua. Mie nilikuwa na maoni 14 tu, yote mazuri, asilimia mia. Moja lake likanishusha mpaka 93.3. Na wauzaji wengi mule wameweka sharti kwamba aliye chini ya 95 asipande dau kwao. Yaani yeye jiwe langu halikumtoa hata vumbi, la kwake likanifungia mlango, na sare za Januari zinanisubiri na mashine mbovu ndani. Nikawaandikia huduma kwa wateja nikaambatanisha meseji ya muamala yenye saa na dakika. Jibu: "Maoni ni ya watumiaji, hatuyaingilii. Asante kwa kutuchagua."

Siku ya pili yule bwana kapatikana ghafla. "Dada angu futa yako nami nafuta yangu, tuishi kwa amani." Kumbe kuna kitufe kabisa cha hiyo kazi, wote wawili mkibonyeza maoni yanapotea kama hayajawahi kuwepo. Nilikaa siku tisa sijabonyeza. Siku ya kumi nikabonyeza, na msinihukumu, nilikuwa nahitaji mashine nyingine na sharti la 95 lilikuwa linanitazama usoni.

Kilichoniuma kilikuja wiki chache zilizopita. Tuna grupu letu la WhatsApp la mafundi wa kanda hii, dada mmoja wa Kibaigwa akaweka picha ya ovaloki yake analia, nikaangalia mfuko, nikaangalia kile kikaratasi, mwandiko uleule. Nikamuuliza hukumwangalia kwanza? Akajibu nilimwangalia dada, ana asilimia 99 na mabaya matatu tu. Sikuwa na la kumjibu. La nne lilikuwa langu na nililifuta kwa mkono wangu. Na sijui ni wangapi wengine walibonyeza kile kitufe kabla yangu.

Kijana wa dada yangu anasoma kompyuta UDOM, alikuja kula ugali kwangu Jumapili nikamsimulia, akacheka akasema mama mdogo haya mambo wenzetu walishayapitia zamani. Kwamba eBay, ule mnada wa Marekani ulioanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kilichoharibika, kikaenda kwa dola 14.83 na mnunuzi akijua kabisa ni kibovu (kibovu kilichosemwa kibovu, umeona tofauti?). Mwaka 1996 wakaleta mambo ya maoni, mnunuzi na muuzaji kila mmoja anamwandika mwenzake, na yakatokea haya haya, ukimwandika vibaya anakuandika vibaya, watu wakawa wanaogopa. Kuna watafiti wa huko walichambua biashara za mwaka 1999 wakakuta maoni mabaya ya wanunuzi hayafiki hata 1 kati ya 100, na karibu nusu ya wanunuzi hawakuandika chochote. Sasa niambie, kwenye soko gani la duniani watu 99 kati ya mia wanaridhika? Hata bwawani Hombolo samaki hawanunuliwi hivyo.

Mwaka 2007 eBay wakaongeza nyota za siri, mnunuzi anapima kama mzigo unafanana na maelezo, mawasiliano, kasi ya kutuma na gharama za kutuma, muuzaji anaona wastani tu hajui nani kampa ngapi. Halafu 2008 wakakata mzizi kabisa, muuzaji haruhusiwi tena kumpa mnunuzi maoni mabaya, ama ampe mazuri ama anyamaze. Wauzaji walipiga kelele sana kwa hilo.

Nikamwambia kijana hiyo ndo dawa, wailete na huku. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa bado sijauza kitu.

Mwezi wa tano nikauza cherehani yangu ya zamani ya kukanyaga. Picha kumi na mbili nilipiga, ubao uliochubuka nikauweka picha ya kwanza kabisa, nikaandika mkanda mnunuzi atabadilisha mwenyewe. Aliyeshinda mnada ni kaka mmoja wa Manyoni. Mzigo umemfika asubuhi, mchana ananitumia meseji: "Mama ubao umechubuka, nirudishie elfu thelathini la sivyo nakupa nyota moja." Ubao! Ule wa picha ya kwanza! Nikatetemeka kwa hasira, nikaelewa kwa nini wale wauzaji walipiga kelele, maana kama ningekuwa sina uwezo wa kumwandika na yeye, kisu chote kingekuwa mkononi mwake. Sikumrudishia. Akanipa moja. Nami sikumpa moja, nilimpa maelezo chini ya maoni yake, tarehe ya picha na saa ya meseji yake ya kuomba elfu thelathini, watu wasome wenyewe.

Kwa hiyo sijui hata mie nasimama wapi, kumfunga mdomo muuzaji kunanilinda nikinunua na kuniumiza nikiuza. Kijana akanipa mfano mwingine, Airbnb wale wa nyumba za wageni, tangu 2014 maoni ya mgeni na ya mwenye nyumba yanafichwa mpaka wote wawili waandike au siku 14 ziishe, ndo yanafunguliwa kwa pamoja. Hiyo nimeipenda. Huwezi kulipiza kitu ambacho hujakisoma. Ingekuwepo kwetu yule bwana wa ovaloki angeandika nini? Angelazimika kuandika ukweli, au aniwekee uongo bila hata kujua nimemsema, na angenionea kwa sababu gani wakati mie nimemlipa dakika ya sita.

Halafu mtu anasema mnada ni mnada. Si kweli. Mie nimekulia kwenye mnada wa Msalato, Jumamosi baba ananichukua tunaenda, na pale mbuzi unamshika mbavu, unamfungua mdomo unaangalia meno, unamtembeza uone kama anachechemea. Ukiuziwa mgonjwa, Jumamosi inayofuata muuzaji yuko palepale na wewe uko palepale na nyama choma inawasikiliza. Na mnunuzi mkorofi naye madalali wanamjua, anapanda dau dalali anajifanya hajamsikia. Hakuna nyota wala asilimia, ila hakuna anayeweza kukwambia futa yako nifute yangu, maana walioona wameshaona.

Huku mtandaoni walioona ni sisi wawili tu. Ndo maana sasa hivi namba siziangalii tena, nasoma maneno. Muuzaji mwenye maoni 400 yote "safi sana" "mzigo umefika" simwamini kuliko mwenye 60 ambayo mawili matatu yana malalamiko na yeye kajibu kwa adabu. Nyota 4 nazisoma kuliko za 5, maana mtu akitoa 4 kuna kitu kakimeza. Naangalia yeye kawaandika nini wanunuzi waliomlalamikia, hapo utamjua tabia kuliko popote. Na mzigo ukifika naufungua palepale stendi na video inarekodi, msiba au si msiba, wanaonishangaa wanishangae.

Programu naipa 3 kati ya 5. Ingekuwa na maoni ya kufunguliwa pamoja ningeipa 4, na huduma kwa wateja wakijifunza kusoma meseji ya muamala ningefikiria hata hiyo ya tano.

Yule dada wa Kibaigwa bado hajamwandika muuzaji wake. Aliniuliza ampe ngapi, nikamwambia ngapi ni juu yako, ila usiandike sasa. Dirisha la maoni liko wazi siku 30 tu. Yeye bwana anawavizia wanunuzi, na sisi tunaovizia dau la sekunde za mwisho tunajua kuvizia. Leo ni siku ya 27, linafungwa Jumamosi saa 6 usiku, maneno tumeshayaandika kwenye simu yake yako tayari, gia, kuchomelewa, kikaratasi, picha tatu. Saa 5 na dakika 59 anabonyeza.