Karakana ya kuchonga shafti Mtwara: vipimo vya kuaminika, ratiba ya mashaka

Mwenye mashine ya kusaga au ya kubangua korosho mjini Mtwara hana haja ya kukimbilia kuagiza shafti Dar es Salaam kabla ya kufika kwenye karakana ya uchongaji vyuma iliyo kando ya barabara iendayo Mikindani. Niliwapelekea shafti ya mashine ya kusaga iliyokuwa imelika mahali inapokaa beringi.

Beringi yenyewe ni ya namba 6206, yenye tundu la milimita 30, na hapo ndipo uhodari wa fundi hupimwa. Kwa ukaaji wa daraja la k6, yaani kiwango cha beringi kubana kwenye shafti, unaotumika sana kwa shafti za namna hii, kipenyo kinatakiwa kuzidi milimita 30 kwa mikroni 2 hadi 15 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Venia ya kawaida, kipimio cha taya zinazoteleza ambacho baadhi ya mafundi hukitegemea kwa kila kitu, husoma kwa hatua za mikroni 20 au 50, kwa hiyo haiwezi kuamua jambo hilo hata ikishikwa na mkono mtulivu kiasi gani. Hapa hutumika maikromita, kipimio cha skrubu kinachosoma kwa hatua ndogo zaidi, na sifuri yake hukaguliwa kwanza.

Nilipotaka shafti ipimwe mara tu kisu kilipoondolewa, fundi alijibu, "Iache ipoe kwanza, mzee." Jibu hilo peke yake lilitosha kunipa imani. Chuma hutanuka kwa takriban mikroni 12 kwa kila mita kila joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo kipenyo cha milimita 30 kilichopata moto nyuzi 40 zaidi huongezeka kwa mikroni kama 14, yaani zaidi ya nafasi yote inayoruhusiwa. Ukikubali kipimo cha moto, beringi italegea shafti ikishapoa. Alipima pia ncha zote mbili za sehemu hiyo, kuhakikisha haikuchongoka upande mmoja.

Tatizo lao ni ratiba. Kazi huandikwa kwenye daftari la mapokezi, lakini hakuna anayelifuata. Msimu wa korosho unapoanza Oktoba, mwenye sauti kubwa ndiye anayetangulia. Shafti yangu ilifunguliwa kwenye mashine ikiwa nusu ili kumpisha mteja mwingine, na ilipofungwa tena ilibidi isawazishwe upya kwa saa ya kupimia, ambayo mshale wake huonyesha shafti ikizunguka nje ya kati, kwa sababu taya tatu za mashine zinazoishika kazi haziirudishi palepale ilipokuwa. Kwa hiyo vurugu ya foleni haili muda tu, inahatarisha na usahihi uleule ambao fundi anaulinda kwa bidii.

Ahadi za tarehe nazo hutolewa kwa kukisia. Kanuni ya foleni iliyothibitishwa na mtafiti John Little mwaka 1961 ingewasaidia bila gharama: karakana inayomaliza kazi 4 kwa siku, huku ikiwa na kazi 24 mkononi, humweka mteja siku 6 kwa wastani, kwa hiyo haifai kumwambia arudi keshokutwa.

Bei iko juu kidogo, ingawa risiti hutolewa bila kuombwa. Anayekwenda abebe beringi mpya pamoja na shafti yake, na kabla ya kutoa malipo ya awali aulize ni kazi ngapi zilizomtangulia. Kwa shafti inayoweza kusubiri nitawarudia. Mashine ikiniharibikia katikati ya msimu, nitatafuta kwingine.