Kopo la elfu 35 la pumu ya ngozi: wiki ya kwanza nyota tano, mwezi wa nane msiniulize

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza watu wanauliza. Kopo moja la hii krimu ya pumu ya ngozi, gramu 50, ni elfu 35, ukichukua mawili elfu 60, diliva elfu 5 boda anakuletea mpaka mlangoni, mi nakaa Mbagala Rangi Tatu na mzigo ulifika siku ile ile kabla ya magharibi. Kwenye kumhudumia mteja yule dada muuzaji hana mpinzani, nampa haki yake, unamtumia meseji saa sita usiku anajibu "niambie kipenzi". Jina la duka silitaji kwanza sitaki kesi, pili nimekuja kugundua wauzaji wako kibao na kopo ni lile lile, jeupe la kifuniko cha kijani, lebo imeprintiwa kwenye karatasi ya kawaida ikabandikwa na soltepu. Imeandikwa mitishamba asilia 100%, inatibu pumu ya ngozi, fangasi, mapunye, chunusi, makovu, na chini kwa herufi kubwa INAPONYA KABISA HAIRUDI. Dawa moja ya fangasi na pumu ya ngozi na makovu, hapo tu ningetakiwa kushtuka, ila mtu anayejikuna saa nane za usiku hana akili ya kushtuka.

Kwa wasioijua, pumu ya ngozi ndo hiyo hiyo egzema, wazee wanaita ukurutu. Mi ninayo tangu mdogo, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na shingoni kipindi cha joto. Mama ameniogesha maji ya mwarobaini mpaka nikawa nanuka kama mti, bibi alisema damu chafu, shule ya msingi nilikaa dawati la peke yangu muhula mzima maana watoto waliambiana ninaambukiza (haiambukizi, nasema hapa kwa wenye watoto). Kwa hiyo nilivyoona picha za kabla na baada, mkono wa mtu umetoka magamba ukawa laini kama wa mtoto mchanga, sikuuliza mara mbili.

Nilipaka Alhamisi usiku. Jumamosi asubuhi nikaamka nikagundua nimelala usiku kucha, yaani nimelala kama mtu, shuka halina damu. Nikakaa kitandani nashika kiwiko changu kama nimeazimwa. Wiki ikiisha ngozi imetulia kabisa nikamtumia yule dada voisi noti ya dakika tatu nalia, na hiyo voisi noti akaiposti, na kuna watu wamenunua kwa sababu yangu. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo.

Sasa nisikilizeni mwendo wake. Kopo la kwanza lilikaa mwezi na nusu. La pili mwezi. La tatu wiki tatu. Nikisahau siku mbili inarudi, na inarudi na ndugu zake, sehemu ambazo maisha yangu yote sijawahi kuwa na kitu, mapaja, kope, pembeni ya mdomo. Dada anasema ongeza kidogo mpendwa, mizizi ndo inang'oka. Nikaongeza. Nikaanza kupaka na usoni. Kazini wakaanza "wee umetakata, unatumia nini?" na shangazi yangu alivyokuja akanivuta pembeni akataka nimnunulie na yeye kopo la uso. Pumu ya ngozi gani inatibiwa af mtu anakuwa mweupe? Sikujiuliza, nilifurahia. Michirizi ikatoka kwapani na mapajani kama ya mtu aliyejifungua, nikasema ni unene. Chunusi ndogo ndogo zikazunguka mdomo nikasema ni mafuta ya chips.

Mwezi wa nane wa kupaka mzigo ukakwama, dada hana kopo, ndo kwanza anasubiri. Siku ya tano nikaelewa kuungua ni nini. Watu wanachanganya, kuwashwa na kuungua ni vitu viwili, egzema yangu ya zamani ilikuwa inawasha, hii ilikuwa kama nimemwagiwa maji ya moto af nikapigwa na upepo. Kwetu weusi hautaona ule wekundu wa kwenye picha za wazungu, mi mikono ilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva, imekatika kwenye kifundo cha mkono kama nimevaa soksi, kiganja kiko salama, juu kote kumevimba. Maji maji yanatoka yakikauka yananuka. Nikitandua shuka asubuhi yanadondoka magamba kama machicha ya nazi, unafagia saa nne, saa kumi unafagia tena. Na baridi! Dar Februari, feni imezimwa, nimevaa sweta nimejifunika na kanga mbili natetemeka. Mama alipanda basi kutoka Tanga, aliponiona mlangoni hakunisalimia, aliweka tu mfuko chini.

Nikamtumia dada picha. Jibu lake ninalo: "Hiyo ni sumu inatoka kipenzi usiogope mwili unajisafisha, sasa hapo unahitaji ile sharubati ya kusafisha damu elfu 60 ndo umalize dozi." Basi hapo ndo nikaacha kumwita dada.

Zahanati ya kwanza wakanichoma sindano wakanipa tyubu ile ya mchanganyiko, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) na ya fangasi na ya bakteria humo humo, inauzwa duka lolote la dawa bila karatasi ya daktari. Nikatulia siku nne ikarudi. Ya pili ndo nikapata daktari wa ngozi hasa, mama mtu mzima, nikamtolea kopo kwenye pochi. Akafungua, akanusa, akachukua kidogo akasugua katikati ya vidole akaangalia juu ya miwani.

"Ilikuchukua siku ngapi kutulia?"

"Siku mbili, daktari."

"Mwanangu, mimi nimekulia kwenye mwarobaini. Hakuna jani linalotuliza egzema siku mbili."

Akanieleza kwamba makrimu ya mitishamba ya aina hii yanapopimwa maabara mara nyingi humo ndani wanakuta steroidi kali, hasa klobetasoli, ambayo ndo ya ngazi ya juu kabisa kwenye dawa za kupaka, inazidi ile haidrokotizoni ya kawaida ya asilimia 1 mara mamia kwa nguvu. Klobetasoli hospitali unapewa kwa wiki mbili hivi, eneo dogo, usoni hapana, na daktari anakufuatilia. Mi nimepaka miezi minane mpaka kwenye kope. Akaniandikia na nipimwe macho maana steroidi karibu na jicho inaweza kupandisha presha ya jicho. Kuhusu weupe akasema ndo tabia ya steroidi, ndo maana wanaochanganya mkorogo wanaipenda.

Sasa nikamuuliza lile nililokuwa nimesoma usiku kucha kwenye simu, kwamba huu ni ugonjwa wake wenyewe, wenzetu wa nje wanauita TSW, ngozi kugoma baada ya kuachishwa steroidi. Na hapa ndo pana ubishi, nataka niueleze vizuri maana kwenye magrupu watu wanatukanana. Kuna madaktari wanasema hakuna kitu kama hicho, ni egzema yako ile ile imerudi kwa hasira kwa sababu ulikuwa umeikandamiza, na mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala vigezo vilivyokubaliwa na wote vya kusema huyu anayo huyu hana. Upande wa pili wagonjwa wanasema sisi tunajua egzema zetu, hii siyo. Mwaka 2015 madaktari Marekani walikusanya taarifa zote zilizoandikwa wakakuta wengi ni wanawake, wamepaka usoni, dawa ya kati au kali, muda mrefu (nilivyosoma hapo nikaona wameniandika mimi). 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ikakiri kwa maandishi kwamba madhara hayo yapo hata kama siyo ya kila mtu, na 2024 ikataka tyubu za steroidi ziandikwe wazi nguvu yake. Na 2025 watafiti wa NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya huko Marekani, wakasema walivyochunguza ngozi na damu za hawa watu wameona mabadiliko yanayotofautiana na egzema ya kawaida, ila waliowapima ni wachache.

Daktari wangu akasema, "Jina tutabishana mpaka kesho. Wewe ngozi inaungua, tuanze na hapo." Nilimpenda hapo hapo.

Ila tulikosana dakika kumi mbele, usidhani ilikuwa asali. Alitaka nishuke taratibu, steroidi dhaifu siku chache huku tunapunguza, na mi nilikuwa nimeshameza maneno ya intaneti kwamba usiguse steroidi tena milele, usioge, usipake hata mafuta, ukae hivyo hivyo mwaka mzima mpaka ngozi izaliwe upya. Nikagoma. Akaniambia mtu aliyepaka dawa kali mwili mzima miezi yote hiyo kukata ghafla peke yake nyumbani kunaweza kumuangusha, maana steroidi inapita kwenye ngozi inaingia kwenye damu na mwili unaacha kutengeneza ya kwake. Af akasema neno ambalo naona liwafikie wenye watoto wa egzema: krimu ya hospitali haina dhambi, dhambi ni kutojua umepaka nini na kiasi gani. Akanichukua kidole cha shahada akakamulia mstari wa krimu kuanzia ncha mpaka pingili ya kwanza, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mi nilikuwa nachota na vidole vitatu kama naonja ugali.

Tukakubaliana katikati. Wiki mbili za dhaifu kwa mwili, uso hapana, uso nikapewa mafuta ya takrolimasi ambayo siyo steroidi, siku tatu za mwanzo yanaunguza kama umeshika pilipili ukajisahau ukagusa jicho, af yanazoeleka. Bei yake ilinikalisha kwenye benchi la dirishani nikahesabu hela upya. Kilichobaki ni mafuta ya mgando, yale yale ya kawaida yasiyo na manukato, nimemaliza makopo makubwa sijui mangapi, unaoga maji ya uvuguvugu dakika chache, hujajikausha sawasawa unajipaka hapo hapo. Usiku fulana ya pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa ndani, kavu juu. Sabuni ya mche nimeachana nayo kabisa kwenye mwili.

Ilichukua muda gani? Miezi minne kabla sijalala usiku mzima. Mwezi wa saba wa matibabu ndo nikavaa mikono mifupi. Nywele za nyusi zimerudi, michirizi haijaondoka na daktari ameniambia hiyo ni ya kwangu sasa. Na viwiko vyangu, vile vile vya tangu mtoto, bado kipindi cha joto vinawasha. Nilimuuliza kama nitapona. Akasema watoto wengi wa egzema wakikua inawaacha, wengine kama mimi inabaki, unaituliza, inakaa hata mwaka, siku ikiamka unaituliza tena. Nje kuna sindano za dupilumabi zilizoidhinishwa Marekani 2017 zinawasaidia sana wenye egzema kali, bei yake mtu wa Mbagala usiulize, na hata hizo ni za kutuliza. Yeye miaka yote aliyofanya kazi hajawahi kumwambia mgonjwa "inaponya kabisa hairudi", kwa hiyo mtu anayeiandika kwenye kopo kwa soltepu anauza kutulia kwa bei ya kupona, af kutulia kwenyewe ni kwa kukopa.

Alama sasa. Diliva 5 kwa 5. Lugha kwa mteja 5 mpaka siku unaumwa, baada ya hapo 0. Lebo 0, hamna orodha ya kilichomo, hamna tarehe, hamna namba ya usajili. Ufanisi wa wiki ya kwanza 5, na huo ufanisi ndo uliniponza, maana ingekuwa mwarobaini kweli ningeichoka wiki ya pili nikaenda hospitali. Kama unatumia sasa hivi usikurupuke ukatupa kopo leo baada ya kusoma hapa, nenda nalo kwa daktari wa ngozi lilivyo, usimfiche. Walioko kaskazini pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha ngozi, RDTC, kipo tangu 1992 na wanasomesha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Na madhara ya dawa TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa kwetu, wanapokea taarifa, mi yangu nimepeleka.

Ile voisi noti yangu bado iko kwenye ukurasa wao, nimeomba waitoe mara tatu wamenibloku.

Kopo la mwisho bado ninalo, mzigo ulikuja kufika nikiwa nimeshaanza kliniki na nilikuwa nimeshalipia. Nililiweka juu ya kabati nyuma ya mabegi. Juzi narudi kazini namkuta mdogo wangu wa form two amelishusha, kifuniko kiko mkononi, ananiuliza dada hii inafaa kwa chunusi? Saivi linakaa kwenye droo ya kazini, nimelifunga.