Rivyu: app ya kamusi niliyoipima kwa neno "sanction", nimeipa nyota mbili

Wadau, hii ni rivyu ya app ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, zile za bure unadaunlodi mara moja na zinafanya kazi hata bando likiisha. Jina silitaji maana ziko nyingi na ukizifungua unaona kabisa zimepikwa chungu kimoja, majibu yaleyale mpaka makosa ya spelling yaleyale, so nikiisema hii nimezisema na wenzake. Tuanze na mazuri: inafunguka chap, ukikosea herufi inakisia ulichotaka, matangazo yapo ila hayakurukii usoni. Ukitafuta "spoon" unapata kijiko na maisha yanaendelea. Ila kamusi haipimwi kwa kijiko jamani.

Mimi naipima kwa "sanction". Liandike hilo na app inakuletea mstari mmoja tu: ruhusa rasmi, idhini, kibali, adhabu, vikwazo, kuidhinisha, kuadhibu. Basi, imemaliza. Yaani mtu anaambiwa neno moja maana yake ni kuruhusu na ni kuadhibu pia, halafu anaachwa hapohapo achague mwenyewe kwa bahati nasibu, hakuna mfano, hakuna kuambiwa ipi nomino ipi kitenzi. Na sio kwamba app imekosea, hapana, maana zote hizo ni za kweli kabisa, hilo neno ndo lilivyo, linabeba kitu na kinyume chake. Kiingereza kina machache ya aina hiyo, "oversight" nalo ni hivyohivyo, mara ni usimamizi mara ni jambo lililopita bila mtu kuliona. Ndo maana kwa maneno kama haya orodha ya maana haitoshi, unahitaji kuambiwa neno linatembea na nani.

Angalia hizi mbili. "The council sanctioned the march", baraza limeyaruhusu maandamano. "The council sanctioned the company", baraza limeichukulia kampuni hatua, limeiadhibu. Baraza lilelile, kitenzi kilekile, sasa msomaji anajuaje? Anaangalia kinachofuata. Kikifuata kitendo au mpango au matumizi ya hela, mara nyingi ni ruhusa, akifuata mtu au kampuni au nchi, jua kuna mtu kaumia. Huo ni mstari mmoja tu wa maelezo na app ina nafasi ya kuweka neno la siku na picha ya machweo lakini huo mstari haina.

Kwenye nomino ndo rahisi zaidi hata. "Without the sanction of the court" ni bila idhini ya mahakama, na kwa maana hiyo neno halihesabiki, huwezi kupewa "two sanctions" ukimaanisha vibali viwili. Ukiiona na s mwishoni, "sanctions", na pembeni kuna "impose" au "lift" au "against", hapo ni vikwazo moja kwa moja, ile ya kwenye taarifa za habari. Kamusi za wanafunzi za Oxford hili wanalifanya vizuri sana, wanaanza na vikwazo na kusema wazi kwamba huja kwa wingi, halafu ndo inafuata ruhusa na alama kwamba haihesabiki na ni lugha rasmi, halafu ile ya adhabu inayomfanya mtu atii sheria. Unasoma unaelewa, huhitaji mwalimu pembeni.

Na usidhani haya ni mambo ya vitabuni tu. Mtu anasoma habari, kakutana na "state-sanctioned violence", hiyo ni vurugu zenye baraka za serikali, aya ya chini yake anakuta "sanctioned individuals", hao ni watu waliowekewa vikwazo, mali zao zimezuiwa na viza hawapati. Kwa app hii hana namna ya kutofautisha. Au shabiki wa ngumi anasikia pambano ni "sanctioned" na WBC, akienda kwenye app anakuta adhabu anaanza kujiuliza bondia kafanya nini, kumbe maana yake shirika limelitambua pambano kuwa la mkanda wake na bondia atalipia kitu kinaitwa "sanctioning fee". Kiingereza cha India ndo kabisa, kule benki ikikuandikia "your loan has been sanctioned" unatakiwa ufurahi, mkopo umepita, na barua yenyewe inaitwa "sanction letter". Mwenzangu na mimi mwenye app hii atakaa anawaza mkopo umewekewa vikwazo gani tena.

Kidogo niingie kwenye asili yake maana inasaidia kukumbuka. Limetoka Kilatini, "sancire", kuifanya amri iwe takatifu isiguswe, ukoo mmoja na "saint" na "sanctuary". Sasa amri ikishawekwa rasmi namna hiyo inakuwa na pande mbili, inalipatia jambo nguvu ya kisheria na inatishia atakayeivunja. Upande wa kwanza unauona 1713, Kaisari Charles VI alipotoa amri inayoitwa Pragmatic Sanction ili hata mtoto wa kike aweze kurithi himaya ya Habsburg, ule ukoo wa kifalme wa Austria, na kweli 1740 Maria Theresa akarithi, ingawa majirani walimletea vita. Upande wa pili wanasheria wakaung'ang'ania, adhabu inayoipa sheria meno, na ukafika mpaka kwenye siasa za kimataifa, 1935 Italia ilipoivamia Ethiopia Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, likaiwekea "sanctions", mafuta wakayaacha nje ya orodha, mwaka uliofuata wakaziondoa na Ethiopia ikawa imeshachukuliwa. Sitegemei app ya bure inipe historia yote hiyo, ila mstari wa kusema neno lina pande mbili na kwa nini, hiyo wangeweza.

Kilichonifanya nishushe mpaka nyota mbili ni upande wa pili wa app, Kiswahili kwenda Kiingereza. Tafuta "kibali". Cha kwanza kabisa juu, kabla ya "permit", wameweka "sanction"! Hapo sasa ndo hatari, maana kusoma vibaya unachanganyikiwa peke yako lakini kuandika vibaya unaituma barua. Mtu ataandika "I request a sanction for two days" akiomba ruhusa ya siku mbili na bosi anasoma kwamba mfanyakazi anaomba aadhibiwe siku mbili. Au "my manager sanctioned me to travel", hiyo haipo, "permit" inakubali kufuatwa na mtu halafu kitendo, "sanction" haikubali, unai-sanction safari yenyewe na sio msafiri. Ukim-sanction msafiri umemuadhibu.

Halafu kuna suala la hadhi ambalo app haligusi kabisa. "Sanction" ya ruhusa ni neno la wakubwa, mahakama, bodi, bunge, kanisa, na linapenda maandishi kuliko mazungumzo. Mzazi kumruhusu mtoto kwenda kucheza sio "sanction", ni "let" tu. Karatasi unayoishika mkononi ni "permit", au "licence" ikiwa inaonyesha umefuzu kufanya kitu, kama kuendesha gari, na Waingereza nomino wanaiandika kwa c na kitenzi kwa s wakati Wamarekani ni s kote. Kuruhusiwa kwenyewe ni "permission", nayo haipendi "a" mbele yake kwenye matumizi ya kawaida. Mpango ukipitishwa, "approval" inatosha na hakuna atakayekuelewa vibaya. Kwenye app yote haya yamerundikwa chini ya "kibali" yakiwa yametenganishwa na mkato tu, kama vile ukichukua lolote ni sawa.

Matamshi wameweka, sauti inasikika safi, hapo sina neno. Kuandika maoni kwa watengenezaji pia inakubali, kuna sehemu kwenye menyu, nimewaandikia. Nimewaambia wasihangaike na rangi mpya, waende kwenye "kibali" waishushe "sanction" mpaka chini kabisa na mbele yake waandike ya mahakama na bodi, halafu kwenye "sanction" yenyewe waweke zile sentensi mbili za baraza. Wakifanya hivyo naongeza nyota ya tatu. Kwa sasa naiacha kwenye simu kwa ajili ya majina ya wadudu na spea za baiskeli, ila mwenye barua ya ofisini ya kuandika atafute kamusi yenye mifano.