AI ya kusoma picha za kapsuli ya utumbo, maoni yangu

Jamani mnaosoma picha za kapsuli mnajua shughuli yake, mgonjwa anameza kidonge chenye kamera cha kama milimita 26 kwa 11, kinapiga picha masaa nane na zaidi, halafu unaletewa picha kama elfu 50 na kidonda kinaweza kuonekana kwenye picha moja tu. Sasa hii programu ya AI inachuja, inakuwekea pembeni zenye damu, vidonda na uvimbe, we unaanzia hapo. Utafiti wa China wa 2019, wagonjwa karibu elfu 7, muda wa kusoma ulishuka toka dakika 96 mpaka kama 6, na hapo ndo raha yake kwa kweli, macho hayachoki.

Shida ni mapovu na mabaki ya chakula, inayashika kama ugonjwa, utumbo usiposafishwa vizuri utakesha unafuta alama zake. Na msiiachie iamue yenyewe, daktari lazima apitie. Mimi ikionyesha damu narudi nyuma picha kadhaa natafuta inatoka wapi. Nyota nne, ya tano nawapa wakipunguza makosa ya mapovu.