Tahadhari kwa anayetafuta kocha wa maisha au wa kazi

Ndugu zangu, kabla hujamlipa kocha yeyote, yaani mtu anayejitangaza kukuongoza kwa mazungumzo ufikie malengo yako, soma haya. Mimi nimeshalizwa, sitaki na wewe ulizwe.

Kikao cha kwanza kocha wangu alinipa bure. Kwa karibu saa nzima hakugusia kazi yake. Aliniuliza mimi tu. Kinachokunyima usingizi ni nini? Nani nyumbani hakuamini? Nikafunguka, hata machozi yakanitoka. Nilidhani nimepata wa kunisikiliza, kumbe mwenzangu anaandika. Nilipoomba siku mbili nifikirie malipo, maneno yangu yakanirudia: "Si umesema ndugu zako wanakuona huwezi kuamua jambo? Haya, amua sasa." Na punguzo linaisha usiku uleule. Nikalipa miezi sita kwa mkupuo.

Tulifanya vikao viwili. Baada ya hapo nikawa natumiwa sauti zilizorekodiwa, zilezile walizotumiwa wenzangu. Kulalamika, kosa likawa langu: sijajitoa, naogopa mafanikio, na dawa yake ni kupanda daraja la juu kwa pesa zaidi. Wale waliotoa ushuhuda ulionivutia, baadaye niligundua wanapata kamisheni kwa kila wanayemleta.

Mtindo huu wa kupandishwa madaraja si mgeni. Mwaka 2018 FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, iliishtaki kampuni ya MOBE iliyouza mafunzo ya biashara ya mtandaoni yenye hatua 21. Kiingilio dola 49 tu, kisha watu wanasukumwa walipe maelfu.

Nchi nyingi hazina sheria ya kumzuia mtu kujiita kocha. Huyu wangu alijitapa ana cheti cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995. Vyeti vya ICF vina ngazi tatu, kuanzia chini ACC, PCC na MCC, na hata ile ya chini kabisa inadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za ukocha. Mwenye cheti unaweza kumhakiki kwenye tovuti yao bila kulipa chochote. Nilimtafuta nikiwa nimeshalipa; hayumo. Inaniuma mpaka leo.

Dai mkataba wa maandishi: vikao vingapi, vya muda gani, siri zako atazitunzaje, ukiacha katikati pesa inarudi vipi. Maadili ya ICF yenyewe yanatambua haki yako ya kuacha wakati wowote. Ukiweza, lipa kikao kwa kikao. Na kocha akikuahidi kukuponya sonona, au akakushauri uache dawa ulizopewa na daktari, kata simu hapohapo.

Kwa aliyekwisha kulipa: usifute ujumbe wake hata mmoja. Kama ulitumia kadi, ipigie benki yako leo uyapinge malipo, kwa sababu muda wa kudai una ukomo. Mimi nilikaa nikingoja atimize ahadi ya kunirudishia, muda ukapita.