TAHADHARI: Losheni ya "kuongeza damu" inayouziwa wajawazito Nairobi

Kina mama wa Kayole, Umoja, Donholm, Pipeline na kokote ujumbe huu utakakofika: kuna losheni inazungushwa kwenye vyama na makundi ya WhatsApp ya wajawazito. Chupa moja ni shilingi 1,800. Anayeiuza anasema ukijipaka asubuhi na jioni mwili unapata madini ya chuma, asidi ya foliki, B12 na vitamini D, na huna haja ya kumeza kidonge hata kimoja. Msinunue. Kama umeshanunua na ukaacha vidonge vya kliniki, virudie leo hii, mengine soma baadaye.

Mimi nafanya kazi kwenye kemisti. Wateja wananiita daktari ingawa mimi si daktari, nimechoka kusahihisha. Chupa hii nimeletewa kaunta na watu tofauti, na swali ni lile lile: "Daktari, si naweza kutumia hii badala ya vile vidonge?" Jina la bidhaa halitawasaidia sana kwa sababu linabadilika. Mwanzoni mwa mwaka ilikuwa na jina moja, sasa ina lingine, lakini chupa ni ile ile ya waridi yenye jani la dhahabu na kifuniko cha kubonyeza.

Dada anayeiuza haanzi kwa kuuza. Anaomba dakika kumi kwenye chama, halafu anauliza: nani hapa vidonge vya kliniki vinamtapisha? Mikono inapaa. Nani anakosa choo? Inapaa tena. Ni kweli, vidonge vya chuma vina hayo mambo, huleta kichefuchefu, hukausha choo na kukifanya cheusi, na kliniki yenye foleni ndefu muuguzi hapati nafasi ya kukueleza. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukuhurumia anakuwa ni yeye mwenye chupa.

Kisha anatoa kipimo, na hapa ndipo watu wanapoamini. Ni kile kibanio cha kidole tulichokizoea wakati wa Korona. Anamwita mama mmoja mbele, anambana kidole, anasoma kwa sauti: "Damu yako ni 92. Mjamzito anatakiwa 98." Chama chote kinashtuka. Anamnawisha mikono kwa maji ya moto ya thermos, anampaka losheni, anamsugua vidole taratibu huku akipiga stori, halafu anambana tena. 98! Vigelegele, na simu zinatolewa kulipa.

Kile kibanio hakipimi wingi wa damu. Kinaonyesha asilimia ya damu uliyo nayo iliyobeba oksijeni. Stejini kukiwa na abiria wa kujaza matatu kumi, lakini matatu zilizopo ni mbili tu, hizo mbili zitajaa pomoni, asilimia mia, na bado abiria wengi watabaki wamesimama. Mama mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kubanwa kidole asubuhi hadi jioni na ikasoma 99. Hiyo 92 ya mwanzo nayo inaweza kutokana na kidole baridi au rangi nzito ya kucha, vitu ambavyo hushusha usomaji wa mashine hizi. Mkono ukipata moto na kusuguliwa, namba inapanda yenyewe. Angempaka hata mafuta ya kupikia ingepanda. Kliniki, kiwango cha damu hupimwa kwa kukuchoma na kutoa damu, na jibu huandikwa kwa gramu kwa desilita. Mjamzito akiwa chini ya 11 anahesabiwa ana upungufu, na chini ya 7 ni hali mbaya. Mtu akikwambia damu yako ni "asilimia" fulani baada ya kukubana kidole, ondoka.

Akiulizwa vitamini zinapitaje kwenye ngozi, ana majibu mawili. La kwanza ni jua: si jua linaingiza vitamini D mwilini kupitia ngozi? Haliingizi kitu. Mwanga wa jua huifanya ngozi yenyewe itengeneze vitamini D kutokana na mafuta yaliyomo ndani yake. La pili ni video ya India. Hiyo video inazungumzia kitu cha kweli, ndiyo maana inavuta. Mwaka 2015 kule India kulikuwa na mradi wa kupaka iodini nyuma ya bindi, yale madoa wanawake wanayobandika katikati ya paji la uso, ili wa vijijini wasiopata iodini ya kutosha waipate kupitia ngozi. Wazo lenyewe sina ubaya nalo. Sisi pia tunaweka virutubisho kwenye vitu vya kila siku: chumvi yetu ina iodini, na tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano wa paketi uongezwe chuma, asidi ya foliki na vinginevyo. Lakini fanya hesabu kidogo. Iodini mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 150 kwa siku. Chuma kilicho kwenye kidonge kimoja cha kliniki ni miligramu 60, yaani mikrogramu 60,000. Ni mara 400. Mzigo huo haupiti kwenye ngozi kwa kujipaka.

Kazi ya ngozi ni kuzuia. Wataalamu wa dawa wana kipimo wanachokitumia: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida sana kwenye ngozi nzima. B12 ina zaidi ya 1,300. Asidi ya foliki iko chini kidogo ya 500, lakini ni kitu kinachoyeyuka kwenye maji, na tabaka la juu la ngozi ni la mafuta. Ni kweli kuna dawa za kubandika, kama plasta za nikotini na za homoni za kupanga uzazi, ila hizo molekuli ni ndogo, zinapenda mafuta, na dozi yake ni ndogo. Na kama B12 ingepita kwa kupakwa, nani angekubali kuchomwa sindano ya B12? Vitamini C au E kwenye losheni inaweza kuifaa ngozi. Damu yako haiijui.

Halafu ile chupa imeandikwa pia "Vitamini A". Ikiwa ni retinoli, wajawazito hushauriwa wakae mbali nayo, na huyu anawauzia wajawazito.

Suala la alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ndiyo, ipo kwenye chupa. Nilituma SMS: unaandika SM#, kisha namba ya kibali iliyo chini ya alama, unatuma 20023. Jibu likaja na bidhaa nyingine kabisa, sabuni ya kufulia. Kwa hiyo alama imenakiliwa tu. Hata ingekuwa halali, ingemaanisha losheni imekidhi viwango vya losheni, haingekuwa ushahidi kwamba inaongeza damu. Kinachodai kutibu au kuzuia upungufu wa damu kinaingia kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Na nimesikia wengine wakiisifu kwamba ndani ya wiki uso umeng'aa. Hapo ningeogopa zaidi. KEBS ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, vitu vya kuchubua ngozi, tangu 1998, na bado vimejaa mjini. Sisemi hii inavyo. Nasema chupa inayotumia kibali cha sabuni hakuna aliyekagua kilichomo.

Mama mmoja wa miezi sita alikuja akitaka dawa ya kizunguzungu. Alikuwa ameacha vidonge, anajipaka tu, tena kwa bidii. Nilimwambia sitamuuzia kitu kabla hajapimwa damu. Alirudi na kitabu chake cha kliniki: 8.1. Kliniki wameshamwanzishia matibabu. Losheni haikumnyonya damu, vidonge alivyoviacha ndivyo vilivyokosekana, na mwanamke mwenye damu kidogo akivuja wakati wa kujifungua hana akiba. Alipodai pesa zake aliambiwa "mwili wako bado unasafishwa, ongeza chupa ya pili", kisha akablokiwa. Jina lililotokea alipolipa kwa M-Pesa si la dada yule wala la bidhaa.

Wanaotafuta mtoto pia wanalengwa, na kwao hasara iko mapema zaidi. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama hajajua hata kama ana mimba. Asidi ya foliki ndiyo inayopunguza hatari ya mgongo wazi, na lazima iwe mwilini mapema. Huo si muda wa kujaribu losheni.

Vidonge vyenyewe, vile vyenye chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400, hutolewa bure kliniki za serikali. Vikiwa vimeisha huko, dukani kwetu dozi ya mwezi haifiki robo ya bei ya hii chupa. Vikikutapisha, meza baada ya chakula au ukienda kulala. Usivishushie na chai wala maziwa, acha saa moja au mbili zipite, chungwa ndilo linalovisaidia kuingia. Choo cheusi kisikutishe. Ikizidi mwambie muuguzi, kuna namna ya kubadilisha.

Mawakala nanyi: najua mmelipia kujiunga na mmepewa katoni za kumaliza. Wengi wenu ni wamama kama hao mnaowauzia. Dai pesa zako kwa aliyekuuzia katoni, usizitafute kwenye mifuko ya wajawazito.

Akija kwenye chama chenu, piga picha ya nyuma ya chupa mpaka namba ya kibali isomeke, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Namba ya simu ya muuzaji itume kwa SMS kwenda 333 kwa Safaricom, na picha zipelekwe KEBS na Bodi ya Dawa na Sumu. Chupa usiitupe, watahitaji sampuli.